Shigeru Mizuki: Maisha ya Mchoraji wa Mizuka

Huenda msomaji akashangaa kuliona jarida la wanafunzi wa Kiswahili likimtengea kurasa mchoraji wa vibonzo kutoka Japani, tena mchoraji wa mizuka. Mshangao huo si wa bure. Aghalabu makala za aina hii huwahusu washairi wa Lamu na Mombasa, au waandishi kama Shaaban Robert na Muhammed Said Abdulla, na hiyo ni haki yao. Hata hivyo, mwandishi wa makala haya alilelewa katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako mtoto hukutana na fasihi ya picha kabla hajausikia utenzi. Gazeti la Taifa Leo lilipoingia nyumbani, sisi watoto tulimtafuta kwanza Juha Kalulu wa Edward Gitau. Tulipokezana nakala zilizochakaa za Pichadithi, ule mfululizo wa miaka ya 1980 uliozitia ngano za Kenya katika picha, ikiwemo ile ya Lwanda Magere. Na usiku, stima zilipopotea, tulisimuliana habari za mwanamke mrembo ambaye ukimtazama miguuni unaona kwato. Ni mambo hayo mawili, picha na mizuka, yaliyonifikisha kwa Shigeru Mizuki.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Hadithi za picha Wajapani huziita manga, neno ambalo halina uhusiano wowote na Umanga wala pilipili manga. Viumbe alivyovichora Mizuki huitwa yokai, na hapo ndipo mfasiri anapotokwa na jasho. Yokai si mzimu, kwa kuwa mzimu kwetu una nasaba na mahali pake pa kutambikiwa. Si zimwi, kwani zimwi hula watu, ilhali yokai wengi hawana haja na nyama ya mtu. Jini naye ana dini na ukoo. Kizuka lingefaa, lakini kizuka ni mjane aliyekaa eda vilevile. Nitatumia mzuka na mizuka, kwa maana ya kitu kinachozuka mahali ambapo hakikutarajiwa, huku nikijua kwamba nimepunguza jambo fulani.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Shigeru Mura. Alizaliwa tarehe 8 Machi 1922 mjini Osaka, lakini tangu uchanga alilelewa Sakaiminato, mji mdogo wa bandari na uvuvi katika mkoa wa Tottori, kando ya Bahari ya Japani. Alikuwa wa pili kati ya wavulana watatu. Ulimi wake ulikuwa mzito utotoni. Alipojaribu kulitamka jina lake mwenyewe alitoa Gegeru badala ya Shigeru, na watu wakamwita Gege. Msomaji alihifadhi jina hilo la utani, maana litarudi.

Katika mji huo aliishi ajuza mmoja maskini, Fusa Kageyama. Mumewe alikuwa mwombezi, mtu wa kuwaombea wagonjwa na wenye mikosi, na kwa kuwa watu wa huko waliwaita wahudumu wa ibada hivyo Nonnon, ajuza huyo alijulikana kama Nonnonba, yaani Bibi Nonnon. Alifanya kazi za nyumbani kwa kina Mura na kuwalea watoto. Hakuwa na elimu ya shule. Alichokuwa nacho ni hazina ya mizuka isiyopungua. Ukitembea usiku na kusikia nyayo zikikufuata, alimfundisha Shigeru, huyo ni Betobeto-san. Usikimbie, jisogeze kando ya njia na umkaribishe apite, naye atapita. Madoa yaliyo kwenye dari yameachwa na mzuka mwenye ulimi mrefu anayelamba dari watu wakilala. Bafu lisilosafishwa nalo huzuru Akaname, ambaye kazi yake ni kulamba uchafu. Msomaji aliyekulia katika nyumba za Makongeni au Shauri Moyo, ambako choo na bafu hutumiwa na familia kadhaa, atakubaliana nami kwamba Akaname asingelala njaa kwetu.

Nimeyadondoa masimulizi hayo kwa makusudi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua mara moja kwamba si ya kutisha tu. Kila mzuka wa Nonnonba ulikuwa na makao yake, tabia yake na namna ya kukaa nao. Mtoto alifundishwa kuogopa, na papo hapo akafundishwa la kufanya anapoogopa. Bibi alifariki Shigeru angali mwanafunzi, na hakuacha maandishi yoyote. Hadithi zake zilibaki katika kichwa cha mvulana mmoja aliyekuwa mlafi, mpenda usingizi, mchelewaji shuleni asiyetubu, na hodari wa kuchora.

Ulimwengu wa mitihani haukumpenda. Baada ya shule ya msingi alipelekwa Osaka kufanya kazi, akafukuzwa kwa uzembe. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia, bila aibu, jinsi alivyoomba kujiunga na shule ya kilimo cha bustani iliyokuwa na nafasi 50. Waombaji walikuwa 51. Aliyeachwa ni yeye.

Kisha vita vikamfikia. Mwaka 1943 aliingizwa katika jeshi la nchi kavu akiwa na umri wa miaka 21. Alipewa kazi ya kupiga tarumbeta, ikamshinda, akaomba abadilishiwe. Alipoulizwa kama anataka kaskazini au kusini, alichagua kusini kwa kuwa hakupenda baridi, akidhani atapelekwa sehemu ya joto ndani ya Japani. Alipelekwa Rabaul, katika kisiwa cha New Britain, ambacho leo kimo ndani ya Papua New Guinea.

Hapa sina budi kusita kidogo, kwa kuwa vita hivyo si vya ugenini kama tunavyodhani. Karibu na Barabara ya Jogoo kuna soko ambalo wakazi wa Eastlands wanalijua kwa nyama yake. Linaitwa Burma. Wengi wetu tulilitaja jina hilo miaka na miaka bila kujiuliza limetoka wapi. Mwaka 1944 maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani nchini Burma wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua na malaria hadi mto Chindwin. Wengine hawakufika. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa mwezi Februari mwaka huo ikiwa na wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi na wengineo. Tarehe 12 ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, na watu 1,297 wakapotea. Kwa babu zetu, Mjapani alikuwa adui asiyeonekana msituni, karibu mzuka wenyewe. Tunapomfuata Mizuki kule Rabaul tunaingia upande wa pili wa msitu huohuo, na tunamkuta huko kijana mwenye njaa, anayepigwa makofi na wakubwa wake kila siku, asiyejua kwa nini yuko pale.

Mwaka 1944 alipelekwa pamoja na kikosi kidogo kwenye kituo cha mbele kabisa, Baien. Alfajiri moja alikuwa zamu ya ulinzi, darubini mkononi. Badala ya kuwaamsha wenzake saa ilipotimia, alikawia kidogo akiwatazama kasuku wa rangi nzuri. Kukawia huko ndiko kulikomwokoa. Risasi zilifyatuliwa upande wa kambi, wenzake wote wakauawa. Yeye alikimbia, akajitosa baharini, akatambaa msituni kwa siku kadhaa akiwa hana bunduki wala nguo za kutosha. Alipofika kwa wakubwa wake hakupewa pole. Alikaripiwa kwa kupoteza bunduki na, jambo zito zaidi, kwa kurudi akiwa hai ilhali wenziwe wamekufa.

Katika kutoroka huko kuna usiku ambao baadaye aliusimulia mara nyingi. Alikuwa akitembea gizani, ghafla akazuiwa na kitu. Mbele hapakuwa na mti wala mwamba, lakini hakuweza kupita. Akisukuma, ni kama anasukuma ukuta laini. Aliketi kupumzika, alipoinuka njia ilikuwa wazi. Miaka mingi baadaye alisoma katika vitabu vya mila kwamba watu wa kisiwa cha Kyushu walikuwa na jina la kitu hicho: Nurikabe, ukuta usioonekana unaomzuia msafiri wa usiku. Daktari angesema ni uchovu na njaa. Mizuki hakubishana na daktari, alichora.

Muda si mrefu malaria ilimwangusha, na akiwa angali mgonjwa bomu la ndege likamjeruhi mkono wa kushoto. Mkono ulikatwa. Tangu hapo hadi mwisho wa maisha yake alikuwa mtu wa mkono mmoja, na kila mstari tutakaoutaja katika makala haya ulichorwa kwa mkono huo.

Alihamishiwa karibu na kijiji cha Watolai, wenyeji wa eneo hilo. Askari walikatazwa kuzoeana nao, naye alikwenda kila alipopata upenyo. Walimlisha, walimcheka, wakampa jina la Paulo. Walimgawia shamba na kumwahidi kumjengea nyumba. Vita vilipokwisha mwaka 1945 aliamua kubaki. Sidhani palikuwa na wanajeshi wengi wa Kijapani walioomba kuachwa Rabaul! Daktari wa kikosi alimsihi angalau akawaone wazazi wake kwanza. Alikubali, akawaahidi Watolai kwamba angerudi baada ya miaka saba.

Alirudi Japani mwaka 1946, nchi iliyokuwa majivu. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa ofisa wa mizinga, alifungwa kama mhalifu wa kivita kwa kuhusika katika kuuawa kwa mateka. Shigeru mwenyewe alijaribu kila riziki. Aliuza samaki, alikodisha baiskeli za kubebea abiria, alijiunga na chuo cha sanaa akakiacha. Hatimaye alipata nyumba ya kupangisha huko Kobe, katika mtaa wa Mizuki, akaiita Mizuki-so. Nyumba haikumtajirisha, lakini mmoja wa wapangaji alikuwa mchoraji wa kamishibai, na jina la nyumba likahamia kwa mwenye nyumba. Ndiyo asili ya jina Mizuki.

Kamishibai ni sanaa ambayo ingepokewa kwa shangwe katika viwanja vya Kaloleni. Msimuliaji hufika kwa baiskeli iliyobeba fremu ya mbao. Huwaita watoto, huwauzia peremende, kisha huwasimulia hadithi huku akizibadilisha picha moja baada ya nyingine ndani ya fremu. Ni utambaji kamili, wenye fanani na hadhira, isipokuwa picha humsaidia fanani. Mizuki aliwachorea wasimuliaji hao kwa malipo madogo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Msimuliaji mmoja maarufu, Katsumaru Suzuki, alimdokezea kisa cha zamani cha miaka ya 1930 kilichotungwa na Masami Ito, kuhusu mtoto aliyezaliwa makaburini. Kwa idhini ya mtunzi, mwaka 1954 Mizuki akaanza kumchora mtoto huyo, Kitaro.

Wakati huohuo maadui wa kamishibai walikuwa njiani. Matangazo ya televisheni yalianza nchini Japani mwaka 1953, na miaka michache haikupita kabla watoto hawajaukimbia uwanja wa msimuliaji. Mizuki alihamia Tokyo mwaka 1957, akaingia katika soko la vitabu vya picha vya kukodisha, ambavyo maduka madogo yaliwaazima wasomaji kwa senti chache. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1958. Alikuwa na miaka 36, umri ambao wenzake wa fani hiyo walikwisha kuwa magwiji.

Mwezi Januari 1961 alioa. Ndoa ilipangwa na wazee, na kati ya siku ya kuonana na siku ya harusi zilipita siku tano tu. Bibi harusi, Nunoe, alitoka mkoa jirani wa Shimane, na alipofika Tokyo alikuta nyumba kuukuu na madeni. Wachapishaji walichelewesha malipo au hawakulipa kabisa. Nguo zilikwenda kwa wakopeshaji wa rehani. Walikula ndizi zilizokwisha kuwa nyeusi kwa kuwa ndizo zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Nunoe alijifunza kumsaidia kuchora. Katika siku hizo za dhiki wawili hao walikuwa na burudani moja ya ajabu: kuunganisha vielelezo vidogo vya manowari za Japani zilizokwisha kuzama. Baadaye sana Nunoe aliandika kumbukumbu za maisha hayo, na mwaka 2010 shirika la utangazaji la NHK likazifanya mchezo wa televisheni uliopendwa nchi nzima. Kwa maoni yangu, bila mama huyu tusingekuwa na mchoraji wa kumwandikia.

Sasa tumtazame huyo Kitaro. Ni wa mwisho wa kabila la mizuka lililokuwapo kabla ya binadamu. Wazazi wake wamekufa kwa maradhi. Yeye anajitoa mwenyewe kaburini kwa mama yake, akiwa na jicho moja. Baba, kwa uchungu wa kumwacha mtoto peke yake, anabaki duniani akiwa jicho tu, jicho lenye mikono na miguu, linaloishi ndani ya tundu la jicho la mwanawe na kuoga katika kikombe cha chai. Rafiki yao ni Nezumi-otoko, Mtu-Panya, nusu binadamu nusu mzuka, anayenuka, mpenda pesa, anayewasaliti wenzake leo na kurudi kesho kama hakuna lililotokea. Aliyefunzwa ngano za sungura na fisi atamtambua. Jambo lisilopaswa kupuuzwa ni kwamba katika masimulizi haya binadamu si mwema wala mzuka si mwovu kwa asili. Kitaro hupatanisha. Mara nyingi mzuka umekasirika kwa sababu binadamu wamekata msitu wake au wamejenga juu ya makao yake.

Mafanikio yalipokuja yalikuja kwa kishindo, nami sitayasimulia kwa urefu. Mwaka 1964 alianza kuchora katika Garo, jarida jipya la Katsuichi Nagai. Mwaka 1965 hadithi yake kuhusu mvulana anayeweza kuingia ndani ya televisheni ilipata tuzo ya wachapishaji Kodansha, na Kitaro akaingia katika jarida lao kubwa la vijana la kila wiki. Ilipofika zamu ya televisheni, wafadhili hawakutaka neno makaburi katika jina la kipindi. Mizuki akalikumbuka jina lake la utotoni, na mwaka 1967 hadithi ikabatizwa GeGeGe no Kitaro. Kipindi kilianza mwezi Januari 1968, huku maneno ya wimbo wake yakiwa yametungwa na Mizuki mwenyewe. Kimetengenezwa upya mara kadhaa tangu hapo, mara moja au zaidi katika kila kizazi, hata mwaka 2018.

Kinachonivutia zaidi ni kazi aliyoifanya chini kwa chini. Mizuka ya Mizuki haikutoka yote kwa Nonnonba. Alizisoma picha za Sekien Toriyama, mchoraji wa karne ya 18 ambaye mwaka 1776 alichapisha kitabu cha mizuka yenye majina na maumbo. Alimsoma pia Kunio Yanagita, mwasisi wa taaluma ya mila na fasihi simulizi ya Japani, aliyekusanya masimulizi ya vijijini tangu mwaka 1910. Katika miaka ya 1930 Yanagita alichapisha orodha ya majina ya mizuka pamoja na maelezo mafupi, mistari miwili mitatu kwa kila mmoja, bila picha. Kulikuwa na kitambaa cheupe kinachopepea jioni na kumfunika mtu uso. Kulikuwa na kizee kinacholia kama mtoto mchanga mlimani. Kulikuwa na ule ukuta wa usiku. Wasomi waliisoma orodha na kuifunga. Mizuki aliufungua kila mstari na kuupa mwili. Ukuta ukapata macho mawili yenye usingizi na miguu mifupi. Kitambaa kikapata mikono na kuwa chombo cha Kitaro cha kurukia angani. Leo mtoto wa Kijapani akiulizwa Nurikabe anafananaje, atachora ukuta wa Mizuki.

Hapo pana faida na pana hasara, na sidhani heshima kwa marehemu inatutaka tuifiche hasara. Faida ni dhahiri: majina yaliyokuwa yakifa pamoja na vikongwe wa vijijini yakawa mali ya taifa zima. Hasara ni kwamba masimulizi huishi kwa kubadilika. Nurikabe ya wazee wa Kyushu haikuwa na sura, na kutokuwa na sura ndiko kulikoifanya itishe. Mwaka 2007 ilijulikana kwamba kuna picha ya kale ya mzuka wa jina hilo, mnyama mwenye macho matatu, asiyefanana hata kidogo na ukuta. Imechelewa. Mchoro umeshinda, na matoleo mengine yote yamekuwa tanbihi. Mizuki alifahamu kwamba anabuni. Hakudai kuwa mwanasayansi. Lakini kalamu yake ilikuwa na nguvu kuliko alivyotaka.

Umaarufu haukumsahaulisha Rabaul. Ile ahadi ya miaka saba aliitimiza baada ya miaka 26 hivi, mwaka 1971, alipowarudia Watolai na kuwakuta baadhi ya rafiki zake wangali hai na wakimkumbuka Paulo. Aliendelea kuwatembelea. Na mwaka 1973 alitoa kitabu ambacho mimi nakiona kuwa kilele chake, ingawa hakina mzuka hata mmoja. Kinahusu kikosi cha Kijapani kisiwani New Britain kilichoamriwa kufa kwa heshima katika shambulio la mwisho. Baadhi ya askari wanasalia. Makao makuu yamekwisha kutangaza kwamba wote wamekufa, kwa hiyo kusalia kwao ni fedheha. Wanarudishwa wakafe kweli. Sehemu kubwa ya kisa hicho ni ushahidi wa mambo aliyoyashuhudia. Katika historia baadhi ya watu walinusurika. Kitabuni Mizuki hakumnusuru yeyote. Mandhari amechora kwa ustadi wa kustaajabisha, kila jani na kila wimbi, lakini askari ni vikaragosi vyenye pua kubwa na macho ya nukta, kana kwamba msitu ndio halisi na binadamu ni wa kupita. Mtu aliyetishwa na wakubwa wake kiasi hicho asingeweza kumwogopa Akaname.

Kati ya mwaka 1988 na 1989 alitoa historia ya enzi ya Showa, yaani utawala wa Mfalme Hirohito ulioanza mwaka 1926 na kukoma mwaka 1989, katika juzuu nane za picha. Ndani yake amesuka maisha ya taifa na maisha yake mwenyewe. Na anayemsimulia msomaji matukio makuu ya nchi ni nani? Ni Mtu-Panya, yule msaliti anayenuka. Sijui historia nyingine ya taifa iliyokabidhiwa msimuliaji wa aina hiyo.

Kitabu chake kuhusu Nonnonba kilipotafsiriwa kwa Kifaransa kilishinda tuzo ya albamu bora katika tamasha la Angoulême mwaka 2007, mara ya kwanza kwa kazi ya Kijapani. Serikali ya nchi yake, ambayo zamani ilimkaripia kwa kuwa hai, ilimpa nishani mwaka 1991 na 2003, na mwaka 2010 ikamtambua kuwa mtu mwenye mchango mkubwa katika utamaduni. Tangu mwaka 1993 barabara moja ya Sakaiminato imepangwa sanamu za shaba za mizuka yake. Zilianza 23 na sasa zimepita 170. Mji wa wavuvi uliokuwa ukipoteza watu sasa hupokea wageni kwa ajili ya viumbe wa bibi asiyejua kusoma.

Uzeeni alihubiri jambo moja kuliko yote: usingizi. Alikumbuka jinsi Osamu Tezuka na Shotaro Ishinomori, vigogo wa fani yake, walivyojisifu kwa kukesha wakichora, ilhali yeye alilala hadi aamke mwenyewe. Tezuka alifariki mwaka 1989, Ishinomori mwaka 1998, kila mmoja akiwa na miaka 60. Mizuki aliendelea kuchora na kula hadi alipopita miaka 90. Alifariki jijini Tokyo tarehe 30 Novemba 2015, akiwa na umri wa miaka 93.

Nimerudi mara kadhaa katika mitaa niliyokulia, daftari mkononi, kukusanya kisa cha yule mwanamke mwenye kwato. Wazee husema alitoka Mombasa kwa gari moshi. Vijana hudai huonekana vituo vya matatu usiku wa manane. Kaloleni nimeambiwa kwato zake ni za mbuzi. Makadara ni za punda. Mama mmoja wa Jericho alishikilia kwamba mguu mmoja tu ndio wenye kwato, wa pili ni wa binadamu, na ndiyo sababu mlio wa hatua zake hauko sawa. Kijana mmoja jirani yetu, mchoraji mzuri wa mabango ya matatu, amekubali kunichorea picha ya kuambatanisha na tasnifu. Ameniuliza achore kwato zipi, na ni wiki ya tatu sasa sijamjibu.